Mwenyekiti wa Veranda

Mwenyekiti hakuwa mtu wa kupima wateja kwa tepu. Tepu ilining'inia shingoni mwake tangu asubuhi hadi jioni, ya manjano, namba zimefutika upande mmoja, lakini kwake ilikuwa kama tai tu. Alikutazama ukija, akakutazama ukigeuka, akakata kitambaa. Suruali lazima ingetoka ndefu. Ukilalamika alikuambia, "Utakua." Aliwaambia hivyo watoto wa shule, na aliwaambia hivyo wazee wenye mvi. Karani mmoja wa reli alimjibu, "Mwenyekiti, mimi nastaafu mwaka huu. Nitakua nikienda wapi?" Mwenyekiti akamwangalia kutoka viatu hadi kofia, akasema, "Nyumbani kuna ugali ya kutosha. Lete nikunje, lakini usinilaumu."

Tulikuwa mafundi wa nguo kwenye veranda ya maduka ya zamani ya Wahindi, mjini chini, upande wa kuelekea ziwa. Maduka ya mawe, mabati yaliyopakwa rangi nyekundu, nguzo za chuma zenye maua juu. Wenyewe walikuwa wameuza na kwenda ng'ambo, wengine tukiwashonea mapazia hadi wiki ya mwisho. Tulikaa kwa mstari, cherehani mbele, migongo kwa ukuta, nyuso kwa barabara. Ndivyo fundi hukaa. Mteja anatoka barabarani, hatoki ukutani.

Mimi nilifika hapo nikiwa kijana, nimeachia shule darasa la tano. Yeye ndiye alinipa nafasi. Hakuna mtu alimchagua kuwa mwenyekiti, na hakuna mtu anakumbuka ilianza lini. Watu walimuita hivyo, akaitika.

Nasema mapema ili msomaji asihangaike. Ukuta ule ulituangukia. Omondi alikufa, yule tuliyemwita Omondi wa Kola kwa sababu kola zake hazikuwa na mpinzani Kisumu nzima. Mama Pamela wa yunifomu alikufa. Mimi nilitolewa nikiwa hai na mguu wa kulia uliosagika, na fundi wa cherehani ya kukanyaga bila mguu wa kulia unajua ni nini. Waliotuua nawajua. Ni Kansela Aduda, ni Bwana Radido wa Milimani, ni Mhandisi Masinde. Lakini mume wa Mama Pamela, kila tukikutana Nyalenda kwenye foleni ya maji, huniuliza kitu kimoja: "Na Mwenyekiti je? Yeye tumweke wapi?" Miaka mingi sikuwa na jibu. Nilikaa naye kichwani kama mwiba wa samaki kooni, haushuki na hautoki.

Alikuwa mkali kwa mambo madogo. Hakutaka mtu apige mluzi akitia uzi kwenye sindano. Hakutaka makasi yaachwe wazi mezani. Alichukia mitumba kuliko kitu chochote, aliiita nguo za marehemu wa Ulaya, na koti lake mwenyewe lilikuwa la mtumba, tena zuri, la kijivu. Omondi alimuuliza siku moja, "Mwenyekiti, marehemu wako alikuwa anafanya kazi gani?" Tulicheka mpaka cherehani zikasimama. Yeye akashika kola ya koti, akajibu bila kucheka, "Alikuwa meneja wa benki. Unaona mfuko huu wa ndani? Wewe huwezi kuushona."

Nguo za kuzikwa hakulipisha. Mtu akifiwa alikuja na kitambaa, Mwenyekiti akaweka kazi zote kando, akashona. Hata hizo alishona kwa macho. Aliwahi kutengeneza suti ya maiti ikawa kubwa mno, ndugu wa marehemu akarudi akilalamika. Sitasema alimwambia nini. Mnajua.

Na aliogopa kupanda juu. Hiki ndicho sikukielewa, nikikumbuka yaliyofuata. Tuliwahi kuitwa ofisi za baraza, ghorofa ya pili tu, akashika ukuta njia nzima kama mtu anayevuka mto. Huko juu alikaa mbali na dirisha. Lakini mtu huyu ndiye aliyependa lile jengo refu la Aduda na Radido kuliko wote waliolipanga.

Lililetwa kwetu likiwa la kadibodi. Ilikuwa mwanzo wa miaka ya tisini. Kansela Aduda alikuja na gari la Bwana Radido, mwenye kiwanja sasa, wakashusha meza, wakaweka juu yake ghorofa ya kadibodi nyeupe, ghorofa kumi na nne, madirisha ya karatasi ya bluu, na miti midogo ya sponji iliyopakwa kijani. Ofisi tupu, alisema Aduda. Benki, bima, mawakili, lifti mbili. Kisumu haitachekwa tena na watu wa Nairobi. Maduka haya ya kizamani yatabomolewa nusu kwanza, nusu baadaye. Sisi tulikuwa kwenye nusu ya baadaye.

Mwenyekiti alizunguka ile meza, mikono nyuma. Akainama, akachungulia chini. "Na sisi tuko wapi?"

"Hapa chini, jaduong'," Aduda akamwambia, akiita mzee kwa heshima ya kwetu. "Sakafu ya chini yote ni ya wananchi. Yule nitakayemkuta kwenye veranda siku ya kufungua, ndiye mwenye nafasi. Atakayekuwa ameondoka, ameondoka."

"Sioni cherehani."

Aduda alicheka. "Hii ni kadibodi, Mwenyekiti."

Wakaiacha kwetu ili wateja waione. Kesho yake nilimkuta Mwenyekiti ametoa mkebe wake wa vifungo. Alikuwa anabandika vifungo vyeusi vya shati kwenye sakafu ya chini, kimoja kwa kila fundi, kwa mstari, kama tulivyokaa. "Hiki ni Omondi. Hiki ni Mama Pamela, nimemweka karibu na mlango kwa sababu ya watoto wa shule. Hiki ni wewe." Cha kwake kilikuwa cha koti, kikubwa. Mama Pamela akamuuliza mbona ametuweka sote chini, na ghorofa zote hizo vichwani mwetu. Akasema, "Huko juu ni kwa watu wa mawakili. Mimi siendi."

Alitandika kitambaa juu ya ile kadibodi kila jioni isiingie vumbi. Wateja walikuja kushonesha suruali, wakapelekwa kuona ofisi. Aliwaeleza lifti inavyofanya kazi, na hajawahi kuingia ndani ya lifti.

Sasa nieleze lile jambo lake la kuhama, kwa sababu hapo ndipo kila kitu kilipo.

Kwetu Wajaluo, mtu akianzisha boma lake jipya hatoki hewani. Anatoka boma la baba yake asubuhi, na mwanawe wa kwanza akibeba jogoo, mkewe akibeba moto, yeye akibeba shoka, wanakwenda pale papya, nyumba inasimamishwa, wanalala huko. Wakishatoka hawarudi nyuma. Na mtu aliyehama kwanza akakaa mahali pa kati, kwa rafiki, kando ya barabara, huyo amejiharibia. Boma lake halitasimama, watoto wake watatangatanga. Kila mtu wa ziwa anajua hivyo, hata wale wanaosema hawaamini. Lakini mjini watu hawafanyi. Mjini ni kukodi chumba tu, ukihama unahama na godoro kichwani.

Mwenyekiti ndiye mtu pekee niliyemjua aliyechukua sheria ya boma akaileta kwenye veranda. Alisema sakafu ya chini ya lile jengo ni kama boma letu jipya, na veranda ni boma la baba. Kwa hiyo hakuna mtu kuondoka hapa kwenda kukaa sokoni au chini ya paa la mwingine wakati jengo linasimama. Tutatoka hapa moja kwa moja kuingia kule, na moto wetu. "Ukihama leo, utaingia kule ukitoka wapi?" alituuliza. "Ukitoka barabarani? Basi utabaki mtu wa barabarani."

Kansela Aduda aliposikia hayo alifurahi sana. Uchaguzi ulikuwa karibu na hakutaka mafundi wa kuwatafutia mahali pengine.

Wakabomoa nusu ya kwanza. Wakaanza kuchimba. Shimo lilifika hatua chache tu kutoka ukuta tulioegemea, na likaenda chini kuliko nyumba yoyote niliyowahi kuona, kwa sababu Bwana Radido alitaka magari ya mawakili yalale chini ya ardhi. Mnaijua ardhi yetu. Udongo mweusi, ukikauka unapasuka, ukinyesha unavimba kama unga wa mandazi. Na ziwa liko hapo. Maji yalianza kutokea pembeni, wakaleta pampu, pampu ikanguruma mchana kutwa ikimwaga maji ya matope barabarani, wateja wakaruka ruka kama vyura.

Yafuatayo sikuyatunga. Waliyasema wenyewe kortini, nikiwa nimekaa kwenye benchi na magongo. Mhandisi Masinde alisema alimwambia Radido shimo linahitaji mbao na vyuma vya kuzuia udongo upande wa maduka, na mafundi waondolewe. Radido alisema vyuma vitakuja baadaye, wachimbe. Masinde akachimba. Alimwambia pia Kansela Aduda kwamba ukuta ule si wa kuamini. Aduda akasema, "Niachie watu wangu, nitaongea nao." Hakuongea nasi. Alikuja veranda wiki hiyo, akashonewa kaunda suti, akanywa chai yetu.

Ufa uliuona Mama Pamela. Sisi wengine tulikuwa tumeupa mgongo. Aliangusha kifungo, akageuka kukiokota, akaona. Akachukua vipande vya kitambaa cha yunifomu, cha bluu, akaziba ili mjusi asipite. Baada ya siku kadhaa vipande vikaanguka chini vyenyewe.

"Mwenyekiti," akasema, "hii ukuta imefungua mdomo."

Mwenyekiti akaja, akaingiza vidole, akavitoa.

"Ni nyumba ya zamani. Inajinyosha."

"Mimi nataka niende kwa dada yangu Kibuye, anipe kona ya kibanda chake. Hii pampu pia inaniumiza kichwa."

"Nenda," akasema. "Lakini kile kifungo chako karibu na mlango, nitampa nani?"

Hakuenda. Nilikuwepo. Nilikuwa natia uzi. Na mimi pia nilitaka kwenda, na mimi pia sikwenda, kwa sababu yeye alikuwa amekaa na alikuwa ananyoosha mshono kama kawaida, na nilifikiri mtu wa umri huo hawezi kukaa mahali pa kufia.

Alikuwa ameelewana na Masinde kwamba Jumamosi tushuke shimoni sote, tuwashe moto mdogo, kisha wamwage zege. Masinde alikubali akicheka, alisema haimgharimu kitu. Kwa hiyo Ijumaa asubuhi Mwenyekiti alikwenda soko la Kibuye kununua jogoo. Ilikuwa imenyesha. Tulikuwa tunakunywa chai. Omondi alikuwa anamsimulia Mama Pamela habari ya mteja aliyeleta suti ya harusi ipunguzwe wiki moja baada ya harusi, na Mama Pamela alikuwa anasema, "Basi amepata mke mvivu wa kupika." Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kwake. Sikusikia mlio mkubwa kama watu wanavyodhani. Nilisikia pampu ikinyamaza, nikafikiri, afadhali.

Nilipofungua macho kulikuwa na vumbi na mwanga kidogo, na niliona miguu ya watu. Kisha nikaona koti la kijivu. Mwenyekiti alikuwa anachimba mawe kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa umembana yule jogoo kwapani. Watu walimpigia kelele, "Mzee, achilia kuku, tumia mikono miwili." Hakusikia. Alichimba kwa mkono mmoja mpaka kucha zikatoka, na jogoo akitazama. Mpaka leo nikifunga macho simwoni Omondi, simwoni Mama Pamela. Namwona huyo jogoo.

Nguo zao za kuzikwa alizishona yeye. Niliambiwa nikiwa hospitali. Waliniambia aliingia chumba cha maiti, akavua tepu shingoni, akawapima. Mabega, mikono, urefu. Akarudia. Nguo zilikaa sawasawa.

Kisha akaondoka mjini, na hakuna aliyejua alikokwenda.

Jengo halikujengwa. Korti ilisema ilikuwa mvua. Ndiyo, mvua. Masinde nasikia anajenga mashule Bonde la Ufa. Radido aliuza kiwanja, akapanda maua mapya Milimani, nimepita nikayaona juu ya ukuta. Aduda alishinda uchaguzi, na tukikutana mjini huteremsha kioo cha gari, huniita "Fundi wangu," huuliza mguu unaendeleaje, kisha hupandisha kioo kabla sijajibu. Shimo lilijaa maji, vyura wakaimba humo misimu mingi, watoto wakakatazwa kukaribia, baadaye likafukiwa na sasa watu huegesha magari juu yake. Lakini pale pamebaki na jina. Makanga wanasema, "Wa kushuka Ghorofani." Wasichana wanaambiana tukutane pale ghorofa. Hakuna ghorofa. Kuna anga tu, na watu wanaelekezana nayo. Mimi nikipita hapo jioni, na kupita kwangu ni kwa polepole, nasikia cherehani. Si kwa mawazo. Nasikia ya Omondi ilivyokuwa inakwaruza kwa kukosa mafuta, na ya Mama Pamela ikikimbia kwenye pindo refu. Yangu pia naisikia, na nimesimama hapo kando.

Mwenyekiti nilimpata Usenge, kijiji cha wavuvi, karibu na mwisho wa miaka hiyo ya tisini. Nilikwenda mazishi ya shemeji upande wa Bondo, na tukiwa tunarudi wanawake walitaka kununua omena, dagaa wa ziwa letu, gari likasimama ufuoni. Nyavu za kuanikia zilikuwa zimetandazwa chini kote, omena zinametameta. Pembeni, kwenye kiti cha plastiki, mzee alikuwa anashona wavu uliochanika, kwa mkono. Nilimtambua kwa jinsi alivyong'ata uzi.

Hakushangaa. "Omera," akasema, ndugu yangu. "Umekuja na mguu mmoja na nusu."

"Mwenyekiti."

"Hapa pia wananiita hivyo. Sikuwaambia. Hata kanisani nimewekwa mwenyekiti wa wazee." Akamwambia mama mmoja aniletee kiti na chai. Mama yule akakimbia kama ametumwa na askofu. "Unaona? Nikitema mate wanafunika kwa mchanga. Hakuna mtu amewahi kuniuliza kitu."

Tukanywa chai. Akaniuliza nashona na nini, nikamwambia ya mkono, ile ya kuzungusha. Akasema ya mkono haiwezi kola. Nikasema haiwezi. Wanawake walikuwa wanapigia kelele bei.

"Kortini walikuuliza nani aliwaambia mkae," akasema. "Ulijibu nini?"

"Nilisema Aduda."

"Aduda alikuwa anakaa veranda?"

"Alijua. Radido alijua. Masinde alijua, akachimba. Hao ndio waliua watu, Mwenyekiti. Wewe hukujua."

"Niliingiza vidole ndani ya ufa," akasema. "Viliingia vyote vinne. Upepo ulikuwa unatoka upande wa pili, wa baridi, unanuka matope. Nilijua." Alikuwa bado anashona. "Nilisema moyoni, Jumamosi ni kesho kutwa. Tukishawasha moto, tumeingia. Nilitaka siku mbili tu."

Nilikuwa nimembebea udhuru miaka yote hiyo, na sasa ameutupa majini mbele yangu.

"Mume wa Mama Pamela bado ananiuliza," nikamwambia.

"Na wewe humjibu."

"Simjibu."

"Nimengoja mtu aje. Kila gari likisimama hapa nafikiri ni mmoja wenu. Padri nilimwambia, akaniambia Mungu amesamehe. Sikumuuliza habari ya Mungu." Akaweka wavu chini. "Wewe ulikuwa hapo. Sema."

"Mwenyekiti, wacha."

"Sema, na useme na jina langu, kama ulivyosema la Aduda mbele ya jaji. Usiniite mwenyekiti."

Wanawake walikuwa wameanza kupakia omena, dereva akapiga honi. Nilishika magongo, nikasimama, kwa sababu maneno kama hayo siwezi kuyasema nimekaa. Nikamwita kwa jina la ubatizo na kwa jina alilopewa na nyanya yake. Nikamwambia ni yeye aliyetuambia tusiondoke. Nikamwambia Mama Pamela alitaka kwenda kwa dada yake, na ni yeye aliyemzuia. Nikamtajia Omondi. Nikamtajia mguu wangu. Sauti yangu ilipanda, mama wa chai akatoka akatutazama, mkono mdomoni.

Alisikiliza yote akiwa amesimama wima, mikono kando, kidevu juu kidogo, kama mteja anavyosimama mbele ya fundi. Nilipomaliza akasema, "Ero kamano," asante, akakaa, akautafuta wavu.

Msimu wa mvua uliofuata alikufa, nikaletewa habari. Nilikwenda Nyalenda nikampata mume wa Mama Pamela kwenye foleni ya maji, nikamweleza, na kwamba nimeanza kuandika habari hii na majina ya waliotuua. Akauliza, "Alisikia?" Nikasema alisikia, nilimwambia mbele ya watu, kwa majina yake yote mawili. Akafikiri, akasogeza mtungi wake mbele kwenye foleni. "Basi majina yake usiyaandike," akasema. "Andika ya wale ambao hawajasikia."

Kansela Aduda. Bwana Radido. Mhandisi Masinde.